Sioni, nataka kusomea muziki chuo kikuu Nairobi: je, sikio linatosha?

*"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 19, sioni tangu nikiwa mtoto mchanga. Nyumbani ni Kilifi. KCSE nilipata C+, na Muziki nikapata B. Kinanda nacheza kanisani kwa kusikiliza tu, na solfa naijua vizuri kwa sababu ya kwaya. Lakini nota zenyewe sijawahi kuzisoma. Kwenye mtihani nilisomewa na kuandikiwa. Natamani kusomea muziki Nairobi, na nimekifikiria Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mwalimu mmoja ameniambia asiyeona hawezi kumaliza shahada ya muziki kwa sababu ya nota. Mwingine akaniambia nisijisumbue na breli ya muziki, sikio langu linatosha, na idara ikishakuwa jumuishi itajua la kufanya. Nimsikilize yupi? Nianze breli ya muziki sasa au ningoje nifike? Kompyuta yangu ni kuukuu na pesa ni za kuungaunga. Na mama anaihofia Nairobi."*

Marahaba, mwanangu. Unauliza mambo mengi kwa pamoja, lakini moja ndilo linalobeba mengine: utazisomaje nota, na nani atahakikisha zinakufikia kabla muhula haujakwisha. Walimu wako wote wawili wamekosea hapo hapo. Wa kwanza anadhani nota ni kitu cha macho pekee. Wa pili anadhani nota hazina kazi kwa mtu mwenye sikio zuri. Ukimfuata wa kwanza hutaomba nafasi kabisa. Ukimfuata wa pili utaomba, utapokewa, halafu utakwama mwaka wa kwanza kwenye somo la harmonia, yaani jinsi sauti zinavyopangwa pamoja. Anza breli ya muziki sasa, wiki hii ukiweza.

Kwanza nikueleze sikio linaishia wapi, kwa sababu wengi wanaocheza vizuri kanisani hawaamini mpaka wafike darasani. Chukua fuga ya Bach yenye sauti nne, yaani kipande ambacho sauti huingia moja baada ya nyingine zikiigana. Sauti ya juu na besi utazinasa mapema. Zile mbili za kati zinapishana, zinakaribiana, moja inanyamaza nyingine ikishika, na kwenye rekodi ya piano zote zina rangi moja. Utacheza kitu kinachofanana na fuga ile, lakini hutaweza kueleza sauti ya tatu iliingia wapi, na hilo ndilo swali la mtihani. Kisha rekodi ni maamuzi ya mpigaji: mwendo wake, pumzi zake, mahali alipoamua kukaza na kulegeza. Ukijifunza kwayo tu, unamwiga yeye bila kujua mtunzi aliandika nini. Tena piano ina kitufe kimoja kwa G-shapu na A-flati. Sikio likisikia kordi yenye sauti hiyo peke yake halina namna ya kujua ni ipi kati ya hizo, na kwenye harmonia jina hilo ndilo linaloonyesha kordi inaelekea wapi. Halafu kuna jambo dogo la kila siku: mhadhiri anasema, "Tazameni kipimo cha 17, alto," yaani kipande cha 17 cha mapigo, sauti ya pili kutoka juu. Wenzako wamefika. Wewe bila karatasi huna pa kutazama.

Sasa breli ya muziki yenyewe. Louis Braille alikuwa mpigaji ogani, na kitabu chake cha mwaka 1829 kilihusu kuandika maneno na muziki pia kwa nukta. Kwa hiyo muziki ni sehemu ya breli tangu mwanzo. Watu wengi wanafikiri ni ile mistari mitano iliyoinuliwa ili iguswe. Sivyo. Hakuna mistari mitano, hakuna nota zinazopanda na kushuka kwenye karatasi. Kila kitu kinakwenda kwa mfululizo, alama moja baada ya nyingine, kama sentensi, kwa seli zile zile za nukta sita unazozijua.

Nota saba, C hadi B, zinaandikwa kwa umbo la herufi d, e, f, g, h, i, j. Herufi hizo hutumia nukta nne za juu tu, yaani 1, 2, 4 na 5. Nukta 3 na 6 za chini zimeachwa zieleze urefu wa nota. Zisipokuwepo zote mbili, nota ni ya thumni. Ukiongeza nukta 6 inakuwa robo, ukiongeza nukta 3 inakuwa nusu, ukiongeza zote mbili inakuwa nota nzima. Kwa hiyo C ya thumni ni nukta 1-4-5. C ya robo ni 1-4-5-6. Ya nusu ni 1-3-4-5. Nzima ni 1-3-4-5-6. Seli moja tayari imekupa sauti na muda wake. Nota ya sehemu ya kumi na sita inatumia alama ile ile ya nota nzima, na hili huwatisha wanaoanza bure tu: ndani ya kipimo cha robo nne, nota nzima moja inajaza kipimo chote, kwa hiyo ukikuta nne zimefuatana umeshajua ni fupi.

Wewe una mtego wako mahususi, na ni kwa sababu unajua solfa. Katika ufunguo wa C, umbo la d ni do. Utafurahi. Lakini alama inayofuata, e, ni re, na f ni mi. Kidole chako kimezoea miaka yote kwamba f ni fa, na hapo kitakudanganya mara kwa mara kwa wiki kadhaa za mwanzo. Ukihamia ufunguo wa G ndiyo kabisa, kwa sababu do ya solfa inahama na ufunguo, ilhali alama ya breli inabaki kwa nota yake ile ile. Dawa yake ni kusoma kwa majina ya nota kwanza, C, D, E, kwa sauti, bila kuimba solfa, mpaka mkono uache kubishana. Baadaye solfa itakurudia kama msaada mkubwa, hasa wa kuimba mara ya kwanza wimbo usioujua.

Kinachokosewa zaidi ya vyote ni alama ya okteva. Kwa kuwa hakuna mistari ya kuonyesha juu na chini, nota ya kwanza ya wimbo hutanguliwa na alama inayosema iko okteva ya ngapi. C ya katikati ya piano inaanza okteva ya nne, ambayo alama yake ni nukta 5. Baada ya hapo kuna kanuni: nota inayofuata ikiwa umbali wa pili au wa tatu (kama C hadi D, au C hadi E), alama haiwekwi, ikiwa umbali wa sita au zaidi, inawekwa daima, ikiwa wa nne au wa tano, inawekwa tu pale inapovuka kuingia okteva nyingine. Ukiisahau kanuni hii, au aliyenakili akiisahau, nota moja inaangukia okteva isiyo yake na zote zinazofuata zinaangukia nayo. Ukiona wimbo umeruka ghafla pahali pasipo na sababu, rudi nyuma utafute alama iliyokosekana kabla hujajilaumu.

Kordi nazo haziandikwi nota juu ya nota. Unaandikiwa nota moja kamili, kisha alama za umbali: ya tatu ni 3-4-6, ya tano ni 3-5, ya okteva ni 3-6, na kadhalika. Mkono wa kulia unahesabu kutoka nota ya juu kushuka, wa kushoto kutoka ya chini kupanda. Mpiga kinanda kama wewe, anayefikiri kwa kordi, huizoea sehemu hii haraka kuliko anavyotarajia.

Ukikaa nayo dakika 40 kila siku, miezi mitatu hadi minne inatosha kusoma mstari mmoja wa wimbo kwa uhakika. Mikono miwili ya kinanda ni kazi ya mwaka, na ndiyo maana nakuhimiza usingoje. Muhula una takriban wiki 14, na ndani yake una historia ya muziki, ala, kwaya na harmonia. Huo si wakati wa kuanza kujifunza alfabeti. Mwanzoni soma nyimbo za ibada unazozijua tayari, ili sikio likukosoe papo hapo kidole kinapokosea.

Kuna jambo ambalo hata mimi nisingependa ulisikie ukiwa umeshafika: mpiga kinanda asiyeona hapigi huku akisoma kama mwenzake anayeona. Mikono yako ndiyo macho. Unasoma vipimo vinne vya mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, unapiga kwa wa kulia, kisha unageuza, kisha unaunganisha kwa kumbukumbu. Kila kitu utakachopiga hadharani utakuwa umekihifadhi. Faida yake ni kwamba unakijua kipande mpaka ndani. Gharama yake ni muda, na muda huo unaanza kuhesabiwa siku karatasi inapokufikia. Mwenzako akipewa nota wiki ya kwanza nawe ukapewa wiki ya tisa, hamjapewa mtihani mmoja, hata kama siku ya mtihani ni moja.

Kwa hiyo tuiangalie safari ya karatasi, maana huko ndiko idara nyingi zenye nia njema huanguka. Mhadhiri anakutumia PDF iliyopigwa picha kutoka kitabuni. Kisoma skrini chako kitasema ni picha, basi. Lazima mtu aipitishe kwenye programu ya kutambua nota, kama Audiveris ambayo ni ya bure, itoke faili ya MusicXML, yaani nota ambazo programu za muziki zinaweza kuzisoma. Faili hiyo huwa na makosa: shapu zimepotea, tripleti (nota tatu katika nafasi ya mbili) zimehesabiwa vibaya, sauti mbili zilizo kwenye mistari mitano ile ile zimechanganywa. Ikigeuzwa kuwa breli hivyo hivyo, breli itanakili makosa yale kwa uaminifu wote. Lazima irekebishwe kwanza. Hapa sikio lako lina kazi kubwa: ifungue kwenye MuseScore, programu ya kuandika na kucheza nota, icheze, ilinganishe na rekodi, andika namba za vipimo vilivyoharibika. Utakamata nota zilizokosewa. Hutakamata alama za kuunganisha, namba za vidole, wala maagizo ya mtunzi yaliyoachwa, na hizo anayeona ndiye azipitie. Kisha MuseScore yenyewe inaweza kutoa faili ya breli, au utumie Sao Mai Braille, ambayo nayo ni ya bure, halafu ichapwe kwa printa ya breli au uisome kwenye kifaa cha kielektroniki.

Mara nyingi safari hii yote inaweza kukatwa. Mhadhiri akiwa ameandika zoezi lake mwenyewe kwenye MuseScore au Sibelius, programu nyingine ya aina hiyo, anayo faili asilia. Mwombe akutumie MusicXML badala ya PDF. Ni kazi ya dakika mbili kwake na inakuokolea siku nzima. Wengi hawatoi kwa sababu hakuna aliyewaambia, kwa hiyo waambie kwa upole, na kwa maandishi.

Kuhusu haki miliki usiwe na wasiwasi. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2017, unaruhusu taasisi zinazohudumia wasioona kutengeneza nakala zinazosomeka bila kumwomba ruhusa mwenye kazi, na unahusu kazi zilizo katika maandishi na alama, nota za muziki zikiwemo. Unaruhusu hata nakala kuvuka mipaka kati ya nchi wanachama. Mkusanyiko mkubwa kuliko wote duniani wa muziki wa breli uko Maktaba ya Congress ya Marekani, katika huduma yake ya wasioona. Kabla hamjanakili sonata upya, mwombe mkutubi wa chuo aulize kama ipo tayari.

Darasani utakutana na mambo manne yanayohitaji kupangwa mapema. Imla ya muziki, ambapo mhadhiri anapiga na ninyi mnaandika: mashine ya Perkins ya kuandikia breli ina kelele, itakuvuruga wewe na wenzako, kwa hiyo omba chumba cha pembeni au uandike kwa kifaa kisicho na sauti, pamoja na muda wa ziada. Kupiga nota usizowahi kuziona: hili kwa kinanda haliwezekani kwako kwa mikono miwili, na si haki kupewa sifuri kwa hilo. ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki inayofanyisha mitihani yake Kenya pia, huwapa wasioona majaribio mbadala ya kukumbuka kwa breli au kurudia kwa kusikia. Itaje kama mfano unapozungumza na idara. Kwaya: omba ukae karibu na mwimbaji mwenye uzoefu na mkubaliane na kiongozi avute pumzi kwa kusikika kabla ya kila kuanza. Pumzi hiyo inabeba mwendo wote. Kwaya nzima huimba vizuri zaidi inapofanyika. Na somo la kuongoza kwaya: utaonyeshwa mpigo kwa kushikwa mikono, na utahitaji mtu akueleze bila kukuficha mkono wako unaonekanaje kutoka mbele.

Kwenye ala za kwetu una nafasi nzuri. Nyatiti ina nyuzi nane, hufundishwa kwa mkono na sikio, na hakuna anayeanzia kwenye karatasi. Tatizo ni mwalimu anaposema "fanya hivi" huku anaonyesha. Mwombe aseme uzi wa ngapi na kidole kipi, na akuruhusu uweke vidole vyako juu ya mkono wake anapopiga polepole. Chivoti na kayamba za pwani unakotoka nazo ni somo halali la utafiti chuoni. Anza kurekodi wazee wa kwenu sasa, kwa idhini yao, na useme jina la wimbo, mahali na tarehe mwanzoni mwa kila rekodi.

Juu ya kuchagua chuo. Kenyatta kina Idara ya Muziki na Densi, na kina ofisi maalumu ya wanafunzi wenye ulemavu, kwa hiyo ni mahali pa busara pa kuanzia. Maseno, nje kidogo ya Kisumu, nako kuna idara ya muziki, na Kabarak kule Nakuru. Neno "jumuishi" peke yake lisikutulize. Nenda, au piga simu, uulize mambo ambayo jibu lake ni jina la mtu au kifaa: nani hapa anasoma breli ya muziki? Printa ya breli inafanya kazi leo? Nani anarekebisha faili kabla hazijachapwa? Nitapata orodha ya vipande wiki ngapi kabla ya muhula? Wiki sita ni muda wa kuridhisha. Wakijibu kwamba hawajui breli ya muziki lakini wako tayari kukaa nawe na kupanga, hilo ni jibu zuri. Wakijibu "usijali, tutakusaidia" bila kutaja mtu, omba mtu huyo atajwe, na mliyokubaliana yaandikwe. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya elimu katika taasisi zilizo za wote, ya kutumia breli, na ya kupata vifaa. Kukitaja katika barua si ugomvi.

Fikiria pia aina ya shahada. Shahada ya Muziki inakuzamisha ndani zaidi katika kupiga na kutunga. Ya Ualimu yenye Muziki inakufungulia usajili wa TSC, tume ya walimu, na sasa shule za sekondari ya juu zina mkondo wa Sanaa na Michezo unaohitaji walimu wa muziki. Kwa mtu ambaye pesa ni za kuungaunga, ningeitazama hiyo ya pili kwa makini, ingawa kama moyo wako uko kwenye utunzi usijilazimishe. C+ yako ndiyo kiwango cha chini cha kuingia shahada. Masharti ya kila kozi yasome za mwaka wako kwenye tovuti ya KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, kwa sababu alama za masomo mahususi hubadilika.

Kompyuta si kikwazo kikubwa kama unavyodhani. NVDA, ambayo ni kisoma skrini, ni bure, MuseScore ni bure. Mashine ya Windows yenye GB 8 za kumbukumbu, hata ya mtumba, inatosha, mradi usipakue zile maktaba kubwa za sauti. Ikiwa yako haiwezi toleo la 4 la MuseScore, tumia la 3 kujifunzia. Bonyeza N kuanza kuandika, 5 kwa nota ya robo, kisha herufi ya nota, na Ctrl pamoja na mshale wa juu au chini kubadilisha okteva. NVDA itakusomea kila nota, kipimo na mpigo wake. Kifaa cha breli cha kielektroniki ndicho ghali. Jisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu kama bado, uombe msaada wa vifaa na wa karo, na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, uombe sambamba.

Mwambie mama kwamba hofu yake ina msingi, na ina dawa. Fika wiki moja kabla ya masomo kuanza, ukiwa na mtu wa nyumbani na, ikiwezekana, mkufunzi wa mwendo kwa fimbo nyeupe. Kampasi ni kubwa na iko kando ya barabara kuu ya Thika yenye magari ya kasi. Jifunze njia nne tu kwanza: bweni hadi idarani, hadi maktaba, hadi mahali pa kula, hadi lango. Omba bweni la karibu na idara. Ala ibebwe mgongoni, fimbo mkono wa mbele, masikio bila vidude vya kusikilizia. Mvua ikinyesha kwa nguvu subiri. Inameza sauti za magari unazozitegemea. Mazoezi ya kwaya yakiisha usiku, mpange tangu wiki ya kwanza nani mnarudi naye. Kwenye matatu mwambie makanga kituo chako unapopanda, na umkumbushe kabla hamjafika.

Kuna mambo ambayo maandishi hayatoshi. Breli ya muziki tafuta mtu wa kukaa naye ana kwa ana angalau mara moja kwa wiki mbili, kwa kuwa makosa ya kugusa hayaonekani kwenye simu. Ulizia shule za wasioona za Thika na Taasisi ya Wasioona ya Kenya jijini Nairobi. Kama unaona mwanga au vivuli hata kidogo, pimwa katika kliniki ya macho yenye huduma ya uoni hafifu, kama ile ya hospitali ya Kikuyu, kwa sababu wakati mwingine uoni mdogo unasaidia sana kwenye mwendo. Mkono au kiwiko kikiuma na maumivu yasipungue baada ya siku chache za kupumzika, usipige muziki juu ya maumivu. Nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, na mwombe mwalimu wako wa kinanda akague unavyokaa. Na masikio yako yanafanya kazi mbili, ya muziki na ya njia, kwa hiyo vaa vizibo ukikaa karibu na tarumbeta au ngoma, na usikae chini ya spika ya matatu. Mlio wa masikioni ukikaa zaidi ya siku moja, au upande mmoja ukiwa mzito ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo ukapimwe.